Kazi Bila ya Makazi

Miongoni mwa mambo yaliyo mepesi kuandikwa na mazito kutimizwa ni haki ya kila mtu kufanya kazi na kula jasho lake. Katiba nyingi zinaisifu haki hiyo, na majukwaani haichoki kutajwa. Lakini mtihani wake hauko jukwaani. Uko mlangoni pa afisi, uko katika daftari la mishahara, na uko jioni pale mfanyakazi anapotafuta pahala pa kulaza ubavu wake. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa mfano wa India, nchi ambayo bahari moja na pepo za kaskazi zimetuunganisha nayo tangu zama za kale.

Mwezi wa Juni 2017, katika mji wa Kochi, jimbo la Kerala, ilifunguliwa njia mpya ya treni za mjini. Shirika la treni hizo liliajiri watu 23 wa jinsia ya tatu, yaani wale ambao waliandikwa wanaume au wanawake walipozaliwa, na wao wenyewe hawajioni hivyo. Wengine waliwekwa kwenye madirisha ya tiketi, wengine katika usafi, kila mmoja kwa kadiri ya elimu yake. Khabari hiyo ilisifiwa ndani na nje ya India. Lakini siku chache baadaye, wanane kati yao waliacha kazi.

Hawakufukuzwa, wala hawakushindwa na kazi. Walishindwa kupata chumba. Wenye nyumba waliwakatalia walipojua ni nani. Waliobaki wakawa wanalala katika nyumba za wageni kwa kulipa siku kwa siku, na gharama hiyo ikala sehemu kubwa ya mshahara wenyewe. Dola iliwafungulia mlango wa kazi, na mtaa ukawafungia mlango wa kulala.

Tunaamini tukio hili linabeba somo zima la jambo tunalolijadili. Haki ya kazi haiishii kwenye barua ya ajira. Ina njia ya kwendea kazini, ina choo cha kuingia bila ya kudhalilishwa, ina jina linaloandikwa kwenye kitambulisho, ina msimamizi wa kumshitakia, na ina nyumba ya kurejea. Kikikosekana kimoja katika hivyo, barua ya ajira huwa karatasi tu.

Hapana budi tukumbuke dhulma hii ilianzia wapi. Katika India ya zamani, jamii ya watu wanaoitwa huko hijra, na msomaji asilichanganye jina hilo na Hijra ya Mtume, ilikuwa na pahala pake panapojulikana. Baadhi yao walishika nyadhifa katika majumba ya wafalme wa Kimughali. Alipokuja Mwingereza, akatunga Kanuni ya Jinai ya mwaka 1860, ambayo kifungu chake cha 377 kiliwafanya wapenzi wa jinsia moja kuwa wahalifu. Mwaka 1871 akaongeza sheria nyingine ya kuwaandikisha hijra polisi kama watu wa kushukiwa. Mtu aliyeandikwa katika daftari la washukiwa, nani atampa kazi? Hivyo wengi wao wakabakiwa na kuimba katika harusi, kubariki watoto wachanga, na kuomba njiani. Kisha wakalaumiwa kuwa hawapendi kazi.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Waingereza hao hao, mwanzoni mwa utawala wao hapa Visiwani, walizifanya sheria za India zitumike kwetu pia, pamoja na Kanuni hiyo ya Jinai. Mkoloni alikuwa na sanduku moja la sheria, na akalipakia jahazini kutoka bandari hadi bandari.

India huru ilichukua miaka mingi kulifungua sanduku hilo. Sensa ya mwaka 2011 iliandika watu wapatao 488,000 ambao hawakujiweka katika fungu la wanaume wala la wanawake. Tarehe 15 Aprili 2014, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitambua jinsia ya tatu, na ikaziamuru serikali ziwahisabu watu hao miongoni mwa wananchi waliobakishwa nyuma, ili watengewe nafasi za masomo na za kazi. Tarehe 6 Septemba 2018, majaji watano kwa kauli moja wakauondosha uhalifu katika mapenzi ya hiari baina ya watu wazima wa jinsia moja. Mwaka 2019 Bunge likapitisha sheria iliyokataza kumbagua mtu wa jinsia ya tatu katika kuajiriwa na kupandishwa cheo, na ikalitaka kila shirika liwe na afisa wa kupokea malalamiko. Jimbo la Karnataka, mwaka 2021, likatenga asilimia 1 ya nafasi za kazi katika utumishi wake kwa ajili ya watu hao.

Hatua hizo tunazipongeza. Lakini sifa bila ya uchunguzi ni unafiki. Sheria ile ya mwaka 2019, kama ilivyopitishwa, iliweka kifungo kwa mwenye kumdhuru mtu wa jinsia ya tatu au kumfukuza nyumbani au kijijini kwake, lakini haikuweka adhabu yoyote mahsusi kwa mwajiri aliyemnyima kazi. Katazo lisilo na adhabu ni mlango usio na komeo: anayetaka kuingia huingia.

Matokeo yake yalionekana. Mwalimu mmoja wa jinsia ya tatu alipoteza kazi katika skuli moja ya jimbo la Uttar Pradesh, na akanyimwa nafasi katika skuli nyingine jimboni Gujarat, ilipojulikana yeye ni nani. Mwezi wa Oktoba 2025, Mahakama Kuu iliamua alipwe fidia, na ikazilaumu serikali kwa kuiacha sheria ilale bila ya kutekelezwa. Ikaunda kamati, chini ya jaji mstaafu, iandae mwongozo wa usawa makazini. Tuzingatie: tangu sheria ipitishwe ilikwisha pita karibu miaka sita, na bado mahakama ililazimika kuwafundisha watendaji namna ya kuitekeleza.

Wako watakaosema kuwa makampuni makubwa yametangulia mbele ya serikali. Ni kweli kwa baadhi yao. Tata Steel, ambayo mwaka 1912 iliweka siku ya kazi ya saa nane kabla ya sheria za nchi kufanya hivyo, mwaka 2019 iliwaingiza wenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wake katika maslahi ya kampuni. Baadaye iliajiri watu wa jinsia ya tatu kuendesha mitambo mizito katika machimbo yake. Hayo ni mazuri. Lakini mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikataa kuzitambua ndoa za watu wa jinsia moja, ikisema hilo ni jukumu la Bunge. Kwa hiyo bima ya mwenzi wa mfanyakazi imebaki kuwa hisani ya mwajiri. Na hisani si haki: aliyeitoa leo anaweza kuichukua kesho, akibadilika mkurugenzi au ikipungua faida. Tena, wengi mno wa wafanyakazi wa India wako mashambani, vichochoroni na katika kazi za kutwa, ambako hakuna afisa wa malalamiko wala waraka wa kampuni unaofika.

Wanawake wa India wanaujua mwendo huu. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ilitoa miongozo ya kuwalinda na udhalilishaji makazini, na Bunge lilichukua miaka 16, hadi 2013, kuifanya kuwa sheria. Sheria hiyo ilitaka kila pahala penye wafanyakazi kumi au zaidi pawe na kamati ya kusikiliza mashtaka. Kilichowasaidia ni kamati yenye watu wenye majina na muda wa kutoa uamuzi, si maneno matamu. Funzo hilo lingefaa lisisahauliwe kwa hawa waliokuja nyuma yao.

Tunajua kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wako watakaoona vigumu kulisoma jambo hili, na watauliza dini inasemaje. Nasi tumekaa chuoni, tumesoma kabla ya kuingia skuli ya serikali. Hatuandiki ili kuhalalisha wala kuharamisha, kwani hiyo ni kazi ya wenye elimu yake. Lakini tulifundishwa tungali wadogo kuwa ujira wa mtu haudhulumiwi, na kuwa mizani haipunjwi kwa sababu mnunuzi humpendi. Tulifundishwa pia kuwa wanazuoni wa fikihi hawakumwacha huntha bila ya hukumu: walijadili safu yake katika sala na fungu lake katika mirathi. Hatusemi kuwa masuala hayo ni mamoja. Tunasema kuwa wanazuoni hao hawakuona jawabu katika kumfanya mtu asiwepo.

Na huko huko Kochi, wenye nyumba walipofunga milango, masista wa Kikatoliki walijitolea kuwapa malazi wafanyakazi wale wa treni. Hatukusikia kuwa masista hao walibadilisha itikadi yao. Walimwona mfanyakazi hana pa kulala, wakampa chumba.

Kwa watendaji wa serikali, popote walipo, tunasema hivi. Kutia saini ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Anayepanga ajira aulize mwajiriwa atalala wapi, atapanda gari gani na atamshitakia nani. Anayetunga katazo aweke na adhabu yake. Anayepewa sheria aitekeleze asingoje kuitwa mahakamani. Wanane wa Kochi walikuwa na barua za ajira mkononi, walikuwa na sare, na walikuwa na sifa za magazeti ya dunia. Walichokosa ni mwenye nyumba mmoja wa kupokea kodi yao.

Mkoloni aliwaandika watu hao katika daftari la washukiwa. India huru imeanza kuwaandika katika daftari la mishahara. Wajibu uliobaki ni kuhakikisha kuwa jina likishaandikwa humo halifutwi na mtaa.