Gari Linapokataa Kushika Kasi

Msomaji, kama umewahi kupanda mlima kutoka Maai Mahiu kuelekea Limuru, watoto wakiwa kiti cha nyuma, unaijua hofu ninayoizungumzia. Mbele yako kuna lori linalotambaa. Barabara ni nyeupe, unapiga indiketa, unatoka kulipita, unakanyaga mafuta, nalo gari haliitiki. Hapo si mahali pa kuanza kujiuliza plagi zilibadilishwa lini.

Hata hivyo, usilisingizie gari bure. Injini huvuta hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Gari lisilo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 linazopanda kutoka usawa wa bahari. Limuru iko zaidi ya mita 2,000, kwa hivyo mgeni wa Mombasa asishangae. Cha kushangaza ni unyonge ulioanza juzi tu.

Anza kwa kusikiliza. Ikiwa injini inanguruma zaidi lakini mwendo hauongezeki, huenda injini ni nzima na klachi ndiyo inayoteleza. Ikiwa injini yenyewe haipandi, tafuta kwenye hewa, mafuta au moto wa plagi. Kagua kwanza kichujio cha hewa, maana ndicho rahisi kufikiwa na bei yake ni nafuu. Wanaoishi mitaa ya vumbi wasingoje sevisi. Gari linalotulia vizuri likisimama lakini linazirai mlimani huenda kichujio cha petroli kimeziba au pampu imechoka. Likitetemeka na kukohoa, toa plagi uzitazame: ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi ina habari mbaya. Kama shida ilianza mara tu baada ya kujaza tangi, mwambie fundi hivyo kabla hajafungua chochote. Mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ulifikia kiasi cha serikali kutoza mafuta ya taa Sh18 zaidi kwa lita mwaka 2018.

Na breki je? Baada ya safari fupi, karibisha kiganja kwa kila gurudumu, bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inashika.

Taa ya injini ikiwaka, kompyuta ya fundi itaonyesha pa kutazama. Haisemi ununue nini! Binafsi, fundi anayetaja vipuri kabla hajaliendesha gari ningemuaga kwa heshima. Lakini taa hiyo ikimulika na kuzimika mfululizo, punguza mwendo na uegeshe penye usalama. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kisafisha moshi, ambacho bei yake itakufanya uzikumbuke plagi kwa huzuni.