FUNDI WA NYUMBANI: Moshi Mweupe wa Asubuhi

Mwezi uliopita tulimaliza habari za betri, tukaahidi kusema juu ya magurudumu. Walakini imefika barua ya ndugu mmoja wa Njombe, nayo haifai kungoja. Asema ana pikapu ya dizeli ambayo kila asubuhi, akiiwasha, hutoa moshi mweupe mwingi hata majirani hufunga madirisha. Zikipita dakika 5 hivi, moshi hukoma. Fundi mmoja amemwambia kwamba silinda hedi imepasuka, akamtajia bei ya nyingine, nayo yakaribia ada ya shule ya watoto wake wawili. Fundi wa pili amemwambia ni baridi tu, aendeshe. Naye auliza, "Nimsadiki nani?"

Ndugu, usimsadiki hata mmoja mpaka ujue moshi huo ni kitu gani. Maana moshi mweupe si ugonjwa mmoja. Ni vitu viwili mbalimbali vilivyovaa kanzu moja: ama ni dizeli isiyoungua, ama ni mvuke wa maji.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake iliyofaulu ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897, aliifanya hewa yenyewe iwe kiberiti. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikabaki sehemu moja tu ya 16 au ya 20 ya ujazo wake wa kwanza. Kwa kubanwa huko joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Lakini alfajiri ya Njombe, mwezi wa Julai, chuma ni baridi na hewa ni baridi. Chuma hulinyonya joto lile, dizeli haiwaki yote, nayo hutoka bombani kama ukungu. Ndiyo sababu zikawekwa plagi ndogo za umeme, ambazo mafundi huziita hita, zipashe moto vyumba vya silinda kabla ya kuwasha. Hita 1 au 2 zikifa, gari huwaka kwa shida, hutetemeka, hutoa moshi mweupe, kisha hutulia injini ishikapo joto.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: moshi hukoma lini? Ukikoma injini ikipata joto, wala maji hayapungui, anza na hita. Kuzipima ni kazi ndogo. Fungua kile kipande cha chuma kiziunganishacho, kisha chukua taa ya majaribio ya volti 12, shika waya mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kichwa cha hita. Taa ikiwaka, umeme wapita. Isipowaka, hita hiyo imekufa. Zikiwa nzima zote, tazama kama umeme wazifikia ufunguo ufunguliwapo, kwa kuwa rilei nayo hufa.

Swali la pili ni la pua. Simama kando, uwanjani. Usiinamie bomba, wala usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, maana hewa itokayo bombani huua pasipo kelele. Moshi wa dizeli mbichi huwasha macho, hunuka mafuta, na huelea muda mrefu. Mvuke wa maji hupotea upesi hewani, na kama rejeta ina dawa ya kuzuia kutu na kuganda, harufu yake ni tamutamu. Lakini wengi wetu hujaza maji ya bomba au ya mto, yasiyo na harufu. Hapo pua haitoshi.

Basi yapasa kuyapima maji, na hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016 shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akichukua viazi mviringo kutoka Makete kwa pikapu aliyoinunua kwa mkopo. Alinijia akasema, "Shemeji, gari yangu yafuka moshi mweupe asubuhi." Nikamjibu, "Shemeji, Makete ni baridi, hata watu hufuka." Tukacheka. Sikumwuliza habari za maji. Kumbe kila alfajiri alikuwa akiongeza nusu lita katika rejeta, akidhani ni desturi ya gari kuukuu. Baada ya majuma matatu, asubuhi moja, stata ilipiga mara moja, ngo! ikanasa. Akadhani ni betri. Kwa kuwa alikuwa ameiegesha mtelemkoni, akaiachia ishuke, akaweka gia ya pili, akaachia klachi.

Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekatika. Usiku, injini ilipopoa, maji yalipenya yakajaa juu ya pistoni moja. Hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Uzito wa gari ulipoisukuma ile pistoni, konrodi, yaani mkono uishikao, ilipinda, ikavunjika, ikatoboa ubavu wa injini. Gasketi ingalibadilishwa kwa fedha ya safari moja ya viazi. Injini ilimgharimu gari lenyewe, kwani aliliuza kama chuma, na mkopo akaulipa miaka miwili kwa jembe. Hajapata kunilaumu hata siku moja, nami ningependa angalinilaumu.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni, injini ikiwa imepoa kabisa, jaza maji, kisha tia alama kwenye kopo la akiba. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto. Maji yale yamebanwa, nayo yatakurukia usoni. Tazama alama kila asubuhi kwa siku 7. Maji yakipungua, tafuta kwanza panapovuja: mipira, pampu ya maji, rejeta yenyewe, hata zulia la ndani ya gari. Usipoona tone, ondoa kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, mtu mwingine awashe, nawe tazama shingo ya rejeta. Mapovu machache ya mwanzo si neno. Yakifululiza bila kukoma, hewa ya silinda yaingia katika maji. Zima, rudisha kifuniko kabla ya joto. Vuta na kijiti cha oili: ikiwa oili ni kama chai ya maziwa, usiendeshe tena. Na stata ikipiga ikanasa, usiirudie, usisukume gari, usiliachie mtelemkoni. Fundi azitoe hita au nozeli, aizungushe injini polepole kwa mkono ili maji yatoke.

Kama maji hayapungui na moshi wa dizeli haukomi hata injini ikiwa moto, lawama huwa aghalabu kwa nozeli idondoshayo mafuta badala ya kuyanyunyiza, au kwa taimingi iliyochelewa, hasa kama mkanda wa taimingi umebadilishwa karibuni, au kwa silinda iliyochakaa isiyobana hewa sawasawa. Katika pikapu za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya moja injini ikinguruma. Ile isiyobadili mlio ndiyo yenye kosa. Desturi hii ni njema, ila isitumike kamwe kwa injini za komoni reli, zilizoenea tangu mwisho wa miaka ya 1990. Humo dizeli hubanwa kwa zaidi ya baa 1,000. Uzi mwembamba wa mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba, nacho chaweza kumpotezea mtu mkono asipofika hospitali siku ileile. Injini hizo zipimwe kwa kompyuta na kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli.

Ndugu wa Njombe alitumiwa maneno haya kabla hayajachapwa, naye amejibu. Kwa siku 7 maji hayakushuka hata upana wa ukucha. Hita 2 kati ya 4 hazikuwasha taa. Amenunua zote 4, maana zilizobaki ni za umri uleule, na majirani wamefungua madirisha.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutarudi kwa magurudumu.