Moyo Uliotungwa kwa Hesabu

Sokoni kwetu, tangu Kasongo hata Kabambare, vidonge huuzwa kwa kuhesabiwa mkononi, pasipo maelezo yo yote. Mnunuzi huuliza kama vitaondoa homa. Ni nadra aulize kama moyo wake utavistahimili.

Swali hilo si la bure. Dawa ya malaria iitwayo halofantrine iliuzwa katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1993 waganga waliopima wagonjwa mpakani mwa Thailand na Burma walionyesha kwamba yavuruga mwendo wa moyo. Kwinini nayo, rafiki yetu wa zamani, ikitiwa mshipani kwa haraka yaweza kuua.

Sababu ni hii. Katika kila chembe ya moyo mna milango midogo sana ipitishayo chumvi zenye umeme. Sodi na kalsi zikiingia, moyo hupiga; potasi ikitoka, moyo hupumzika, ungojee pigo lijalo. Dawa ikiuziba mlango wa potasi, pumziko hukawia, na mapigo yaweza kwenda ovyo hata mtu akazimia au akafa.

Mwaka 1960, huko London, Denis Noble aliuandika mwendo wa milango hiyo kwa hesabu, akaipa kompyuta, nayo ikatoa mapigo kama ya moyo wenyewe. Siku hizi wataalamu hupima kwanza maabarani dawa yaziba kila mlango kwa kadiri gani. Kisha huvitia vipimo hivyo katika moyo wa hesabu, na kuviongeza hata kiasi ambacho mganga mwenye haki hangethubutu kumpa mtu. Mwaka 2017 wataalamu wa Oxford walijaribu dawa 62 namna hiyo. Kompyuta ikasema kweli mara 89 katika mia, hali majaribio ya sungura hayakupita 75. Twaona ni jambo kubwa, lakini hizo 11 zilizobaki zatosha kutuzuia tusiache kuwapima watu.

Ndivyo ilivyofanyika kwa malale. Zamani ugonjwa huu ulitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, iliyoua wagonjwa wapatao 5 katika 100. Dawa mpya, fexinidazole, ni vidonge tu. Nchi yetu iliikubali Desemba 2018. Nayo hukawiza kidogo pumziko la moyo, kwa hiyo katika majaribio ya miaka 2012 hata 2016, hapa Kongo na Afrika ya Kati, mioyo ya wagonjwa ilipimwa kwa mashine.

Humezwa siku 10, pamoja na chakula, mbele ya mwuguzi. Yeye hana kompyuta ya Oxford. Dawa mbili zizibazo mlango ule ule hatari yake hujumlika, naye hawezi kuijua ya pili asipoambiwa. Basi mgonjwa na aende na kile kifuko cha vidonge vya sokoni, akakifungue mezani kwake kabla ya kumeza cha kwanza.