Kijana wa Songwe na Ndege za Ugenini

Wananchi, hapa Tunduma tumezoea kuona malori yakipanga foleni kuvuka kwenda Nakonde. Lakini yupo kijana mwingine anayetaka kuipita njia hiyo. Huyu habebi mahindi. Mfukoni ana leseni ya rubani, na anakwenda Maun, nchini Botswana, kutafuta kazi ya kurusha ndege ndogo katika delta ya Okavango. Viwanja vya huko ni vya udongo, na kabla ya kutua rubani hutazama kwanza kama tembo wametoka njiani.

Wako wanaosema kijana wa namna hii anaikimbia nchi. Sisi tunakataa. Leseni ya kurusha ndege za biashara hupatikana kwa saa 200 angani, au pungufu kidogo. Akibisha hodi kwenye makampuni, huambiwa arudi akiwa na saa nyingi zaidi. Je, azipate wapi? Maun inajulikana kwa kuwachukua marubani wachanga, nao hufika hapo kutoka Afrika Kusini na hata Ulaya. Kwa nini mtu wa Vwawa asiwe mmoja wao?

Njia hiyo ya kusini wazee wetu waliijua, tena kwa uchungu. Wakati wa ukoloni WENELA, wakala wa migodi ya Afrika Kusini, iliandikisha vijana wa nyanda hizi wakachimbe dhahabu ya wengine. Katika miaka ya 1950 ilikuwa na ndege zake, na kituo chake kikubwa kilikuwa Francistown, katika Botswana hiyo hiyo. Mwafrika alipakiwa nyuma kama mzigo. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ilikomesha biashara ile. Majirani waliendelea nayo, na tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya WENELA iliyokuwa ikiwarudisha Wamalawi kwao ilianguka Francistown, kwa kuwa ilitiwa mafuta yasiyo yake. Watu 78 walikufa.

Leo mjukuu anataka kukaa kiti cha mbele. Hilo si jambo dogo! Ila asiende kwa kubahatisha. Leseni yake sharti ikubaliwe na wenye nchi, apate kibali cha kazi, na mkataba ausome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Na sisi je? (Kiwanja cha Songwe kilichofunguliwa 2012 kina jina letu, ingawa kimo upande wa Mbeya.) Nchi hii ina pori la kutosha. Ndege ndogo hutua Ruaha na Katavi juu ya udongo ule ule anaoufuata kijana huyu ugenini. Tunataka kila kampuni inayopewa ruhusa ya kupeleka watalii huko imchukue kila mwaka walau rubani mmoja mchanga, mwananchi, akae kando ya mzoefu mpaka saa zake zitimie. Wabunge wetu walipeleke neno hili Dodoma, kisha waje Tunduma watueleze walivyojibiwa.