Samaki Aonaye kwa Umeme

Katika mito ya Amazon na Orinoco, huko Amerika ya Kusini, yuko samaki mwembamba kama bapa la kisu, ambaye wataalamu humwita Eigenmannia. Mwili wake hupenyeza mwanga, hata mifupa yaonekana. Mgongoni hana pezi; pezi lake kuu ni lile refu la chini, alitikisalo kama wimbi ili aende mbele au arudi nyuma bila kujipinda.

Mchana hujificha, usiku hutoka kutafuta wadudu wa majini. Lakini maji ni ya tope, na giza ni tupu. Aionaje njia?

Mwilini anacho kiungo kirefu, kiendeleacho mpaka mkiani, kitoacho umeme. Tusidhani kwamba umeme huo waua, kama ule wa mkunga wa umeme, jamaa yake wa mito ileile. La, wake ni hafifu kabisa, wala mkono wa mtu hausikii. Hupiga mara 250 hadi 600 hivi kwa sekunde moja, usiku na mchana, na kila samaki ana kipimo chake. Jiwe huupunguza umeme mahali lilipo. Mdudu hai huuongeza. Na ngozi ya samaki hutambua tofauti hiyo.

Walakini iko hatari. Samaki wa mapigo 400 akikaribiana na mwenziwe wa mapigo 403, umeme wao huchanganyika, na kila mmoja huwa kama kipofu. Hapo hawezi tena kupambanua jiwe na chakula.

Wafanyaje basi? Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Japani, Watanabe na Takeda, walitia ndani ya maji umeme wenye mapigo karibu sawa na ya samaki. Mara samaki akabadili yake! Ndivyo wafanyavyo hata wao kwa wao: wa 400 hushuka, wa 403 hupanda, mpaka kila mmoja aone tena.

Katika mto Kongo nasi tunao samaki wa umeme hafifu, wengine wenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Hao si wa ukoo wa wale wa Amerika. Kila ukoo uliipata njia hii peke yake.

Haya, wanafunzi: wa 420 akikutana na wa 417, nani atapanda, na nani atashuka?