Ugumu wa Kiangazi Si Uimara wa Msingi

Mvua ikikatika, Desemba hadi Februari, viwanja vya Kitale na Bungoma huwa vikavu na uchimbaji wa misingi hupamba moto. Hapo ndipo madai haya husikika. Yajibiwe moja baada ya jingine, maana juu ya misingi hiyo watalala watoto.

“Sururu inadunda, basi udongo utabeba nyumba.” Sururu imepima ugumu wa siku ile tu. Udongo ukikauka, maji machache yaliyosalia huzivuta chembe zishikamane. Nguvu hiyo ni mfyonzo. Mvua za Aprili zikipenya, mfyonzo hupungua, na udongo wenye matundu mengi unaweza kubonyea ghafla bila hata tofali moja kuongezwa. Ndiyo maana maabara hubana sampuli kavu ndani ya pete ya chuma, kisha huilowesha ikiwa bado imebeba uzito, na kupima imeshuka kiasi gani.

“Udongo mkavu kabisa hauna maji ya kupimwa.” Hewa ina unyevu, na udongo wa mfinyanzi huunasa. Fungia sampuli pamoja na maji yaliyokolea chumvi ya mezani mpaka haiyeyuki tena: unyevu wa hewa hutulia karibu asilimia 75, na mfyonzo hufika takriban megapaskali 39, zaidi ya mara 100 ya upepo wa gurudumu la gari. Ukibadilisha aina ya chumvi, mfyonzo hubadilika, na nguvu ya udongo hupimwa katika kila kiwango.

“Kausha kwa tanuri, udongo ni ule ule.” Si kila udongo. Bwawa la Sasumua, Kinangop, lilijengwa miaka ya 1950 kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi wenye madini ya haloisaiti, na mhandisi Karl Terzaghi aliueleza mwaka 1958. Udongo wa namna hiyo ukikaushwa kwa nyuzi 105 za Selsiasi hubadilika, na kuurudishia maji hakurudishi tabia yake ya awali. Udongo mwekundu wa miamba ya volkano, kama ile ya Mlima Elgon, unastahili tahadhari iyo hiyo.

“Jirani alijenga bila kupima.” Ukuta wake unathibitisha udongo wake. Kiwanja kimoja chaweza kuwa na mwinuko mgumu, tope jeusi bondeni na kichuguu kilichosawazishwa.

Mwenye kiwanja, kabla ya kumwaga zege, mtake mhandisi apime udongo ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, kisha msingi usanifiwe kwa nguvu ya ule uliolowa.