Jirani wa Mchana Anapohama

Mwaka 1962, mwandishi wa tamthilia Agnes Nixon aliwaendea wakubwa wa Guiding Light, iliyokuwa ikirushwa na kituo cha CBS nchini Marekani, akiwa na ombi moja. Rafiki yake alikuwa amefariki kwa saratani ya kizazi, naye alitaka mhusika Bert Bauer, mama wa familia ambayo watazamaji waliizoea kwa miaka mingi, aende kupimwa na ugonjwa wake ugundulike mapema. Alikubaliwa kwa sharti kwamba neno "saratani" lisitamkwe, wala "mfuko wa uzazi". Nixon akaiandika hadithi nzima bila maneno hayo. Wanawake waliokuwa wakitazama majumbani mwao walielewa, maana Bert hakuwa mgeni kwao.

Nakiweka kisa hiki mbele kwa sababu mjadala juu ya kufifia kwa tamthilia za mchana huko Marekani mara nyingi huishia kwenye idadi ya watazamaji. Idadi ina uzito wake. Mnamo 1970 tamthilia hizo zilikaribia 20. Leo, kwenye vituo vikubwa vya kawaida, zimebaki General Hospital ya ABC, pamoja na The Young and the Restless, The Bold and the Beautiful na Beyond the Gates za CBS. Days of Our Lives, iliyoanza NBC mwaka 1965, ilihamishiwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Peacock mwaka 2022. Guiding Light yenyewe, iliyozaliwa redioni mwaka 1937 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1952, ilizimwa Septemba 18, 2009. Mwaka mmoja baadaye As the World Turns nayo ikafuata, baada ya miaka 54.

Sababu inayotajwa kwanza ni kwamba wanawake waliondoka nyumbani kwenda kazini. Haina ubishi kwamba tamthilia hizi zilitungwa kwa ajili ya mama wa nyumbani. Zilianza redioni katika miaka ya 1930, zikilipiwa na watengenezaji wa sabuni kama Procter & Gamble, ndiyo maana Wamarekani wakaziita tamthilia za sabuni. Mwaka 1950 ni takriban theluthi moja ya wanawake wa Marekani waliokuwa katika nguvukazi. Kufikia 1999 walikuwa asilimia 60.

Lakini hesabu hiyo haitoshi. Novemba 1981, Luke na Laura walipofunga ndoa katika General Hospital, watazamaji wapatao milioni 30 walikuwa mbele ya televisheni zao. Wakati huo tayari zaidi ya nusu ya wanawake wa nchi hiyo walikuwa katika nguvukazi. Wanafunzi wa vyuo walitazama, na waliokuwa kazini walirekodi kwa mikanda ya video. Hadithi iliyowashika watu waliitafutia nafasi.

Pigo kwa mazoea lilikuja mwaka 1995. Kesi ya O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji, ilirushwa moja kwa moja kwa miezi kadhaa, na mara kwa mara ikazisukuma kando tamthilia za mchana. Kitu kinachotazamwa kila siku huishi kwa mazoea. Aliyekaa wiki kadhaa bila kujua fulani kaolewa na nani hupoteza uzi, na wapo ambao hawakurudi tena.

Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ulitoka katika vyumba vya wahasibu. Tamthilia ya siku tano kwa wiki inadai waandishi, waigizaji wengi, mavazi na majukwaa ya kurekodia mwaka mzima. Kipindi cha mazungumzo kinahitaji meza, mwenyeji na wageni. Aprili 2011, ABC ilitangaza kwa siku moja kwamba itaziondoa All My Children na One Life to Live. Nafasi zao zilichukuliwa na The Chew, kipindi cha mapishi, na The Revolution, kilichohusu afya na mtindo wa maisha. The Revolution hakikumaliza mwaka. The Chew kilifungwa mwaka 2018. Kilichokuwa kimejengwa kwa zaidi ya miaka 40 kilibadilishwa na vitu vilivyopita haraka, kwa jina la kubana matumizi.

Wapo wasiosikitika, na hoja zao si za kupuuzwa. Tamthilia hizi zilifufua wafu kupita kiasi na kurefusha kisa cha siku mbili kiwe cha miezi miwili. Kwa miongo mingi familia zilizokaa katikati ya hadithi zilikuwa za Wazungu, na Generations, iliyoweka familia ya Weusi katika kiini chake tangu siku ya kwanza, ilidumu kuanzia 1989 hadi 1991 tu. Tena, wanasema, leo mtu anachagua atazame nini na saa ngapi. Kwa nini afungwe na ratiba ya kituo?

Jibu nalipata katika jaribio la mwaka 2013. Kampuni ya Prospect Park ilizirudisha zile tamthilia mbili za ABC kwenye intaneti. Muda si muda ikapunguza sehemu mpya za kila wiki, kwa kuwa watazamaji walikuwa wakizilimbikiza na kuzitazama kwa mkupuo. Mwaka huohuo mradi ukakwama. Fedha na kesi mahakamani vilichangia, lakini hadithi iliyotungwa imezwe kidogo kidogo haikuwa na umbo la kuliwa kwa karamu. Haba na haba ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Na nguvu hiyo si ya Marekani peke yake. Tanzania iliijua kupitia Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993 kupitia Redio Tanzania. Mkwaju, dereva wa lori aliyependa wanawake wengi, aliambukizwa Ukimwi mbele ya masikio ya taifa. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa Dodoma, na watafiti walipolinganisha waliona kwamba kulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Bango la afya husomwa na kupitwa. Mkwaju alizungumziwa majumbani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kituo cha televisheni kinapaswa kuipima saa ya mchana kwa miaka, si kwa robo ya mwaka wa fedha. CBS ilionesha njia Februari 2025 ilipozindua Beyond the Gates, yenye familia ya Weusi katikati yake, kwa kushirikiana na NAACP, shirika linalotetea haki za Weusi, na Procter & Gamble ikiwa tena miongoni mwa washirika. Ipewe muda wa kuzoeleka.

Charita Bauer, aliyemwigiza Bert tangu mwaka 1950, alikatwa mguu miaka ya 1980. Waandishi wakampa Bert msiba huohuo, naye akarudi kwenye jukwaa, watazamaji wakimwona akijifunza upya kutembea. Walikuwa wamekaa naye zaidi ya miaka 30. Kipindi kinachobadilishwa kila msimu hakiwezi kubeba habari kama hiyo, kwa kuwa hakuna anayemfahamu mgonjwa.